Kichwa Kinachomwanga Mzazi: Hotuba kwa Kina Mama wa Langoni, Lamu

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Bibi zangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na nyinyi mawifi na mashoga mlioacha vyungu jikoni mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana. Nimeombwa niseme juu ya afya ya mzazi. Afya ya mzazi ni bahari, hatuimalizi leo, kwa hivyo nimechagua jambo moja tu ambalo tunalipita kila siku bila kulitazama: kichwa. Mzazi anayesema, kichwa chaniuma.

Najua nyumbani twamjibu vipi. Twamfunga leso kichwani ikamkaza, twamwambia ni uchovu, mtoto hakumpa usingizi, au ni upepo umempata alipotoka kuoga. Mara nyingi ni hivyo kweli. Sitaki mtu atoke hapa akiwa na hofu, kila mzazi akisema kichwa apakiwe kwenye boti. Walio wengi ni usingizi, ni njaa, ni kiu, ni upungufu wa damu. Wengine ni presha, na presha nitairudia. Lakini wamo wachache ambao kichwa kinawawanga kwa sababu damu imeganda ndani ya mishipa ya ubongo. Hao ndio walionileta. Dawa yao ipo, tena ni dawa ya kawaida, na kinachowaponza ni kucheleweshwa.

Damu hupanda kichwani kwa mishipa ya aina moja na hushuka kwa mishipa ya aina nyingine. Kiharusi tulichokizoea, cha mzee anayeamka alfajiri mdomo umekwenda upande, mara nyingi ni mshipa wa kupandisha damu ulioziba au kupasuka. Huu ninaousema mimi uko upande wa pili, kwenye mishipa ya kurudisha. Mkubwa wao umelala chini ya fuvu, utosini, kutoka mbele mpaka kisogoni, kisha njia zinagawanyika kulia na kushoto, zikateremka nyuma ya masikio mpaka shingoni. Bonge la damu likikaa humo, damu inaendelea kupanda lakini haina pa kutokea. Nyinyi ni watu wa Lamu, mnaijua mifereji ya vichochoroni mwetu. Mfereji ukiziba kule chini karibu na pwani, maji yanarudi nyuma mpaka mlangoni kwa jirani wa juu ambaye hana habari. Ubongo nao unafura hivyo hivyo. Kichwa kinawanga, matapishi yanakuja, macho yanaona viwili viwili, na ikizidi, vimishipa vidogo vinashindwa na damu inavuja ndani ya ubongo wenyewe.

Sasa mtaniuliza, kwa nini mzazi, na ni msichana wa miaka ishirini na kitu, hana sukari, hana presha?

Kwa sababu mimba inaibadilisha damu. Mwenyezi Mungu amempangia mwanamke kinga: tangu mimba inapokua, vile vitu vinavyogandisha damu vinaongezeka, na vile vinavyoizuia isigande, vingine vinapungua. Ni matayarisho ya siku ya kuzaa, ili kondo likitoka mama asimwage damu mpaka roho ikatoka. Kinga hiyo haikunjwi siku mtoto anapotoka kama jamvi baada ya maulidi. Inabaki. Hatari ya damu kuganda, iwe mguuni, kwenye mapafu au kichwani, inapanda zaidi miezi ya mwisho ya mimba, na kilele chake ni zile wiki 6 baada ya kujifungua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hata baada ya hapo haishuki mara moja: kutoka wiki ya 7 mpaka ya 12 bado imezidi kidogo ile ya kawaida.

Wiki 6 ni siku 42. Hesabuni wenyewe: ni arobaini yetu. Ni siku zile zile mzazi hatoki, anakandwa, anapikiwa, nyumba imejaa wanawake. Hospitali inakuwa naye siku moja au mbili, kama hakupasuliwa, kisha inampa ruhusa. Siku zote zilizobaki ziko mikononi mwenu. Hakuna daktari duniani mwenye nafasi ya kumtazama mgonjwa namna mkandaji na bibi wanavyomtazama mzazi, anavyolala, anavyokula, anavyomshika mtoto, anavyokwenda chooni. Kwa hivyo nilipoulizwa nataka kusema na nani, nilisema nataka wanaokaa na mzazi.

Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, lazima niseme. Hesabu zilizochapishwa Marekani mwaka 2000 zilikadiria kama wazazi 12 katika kila 100,000. Lakini si kila mahali pako sawa. India, madaktari wameandika kwa miaka mingi juu ya wanawake wengi wanaoletwa hali hii baada ya kujifungua, na katika sababu wanazozitaja kuna upungufu wa damu, kuna maambukizi ya uzazi, na kuna mzazi kunyimwa maji.

Hapo kwenye maji natuama kidogo, na msinikasirikie.

Sisi hatumnyimi mzazi chakula. Uji wa pilipili manga anapata, supu ya kuku anapata, mchuzi wa pweza anapata, chai ya tangawizi anapata. Yote mazuri, endeleeni. Lakini maji matupu? Ziko nyumba, nami nimeingia, mzazi akiomba maji anaambiwa tumbo litafura, kizazi hakitarudi, anywe kikombe kimoja cha moto na basi. Na hii ni kaskazi, dirisha limefungwa ili asipigwe na upepo, jiko la makaa liko chumbani kwa ajili ya kumkanda na kumfukiza, jasho linamtoka mchana kutwa, na bado ananyonyesha. Maji hayo yanatoka mwilini mwake. Damu ya mtu aliyekaukiwa inakuwa nzito, na damu nzito juu ya damu iliyo tayari kuganda ni mambo mawili mabaya yaliyokutana. Kama hamtaki maji ya barafu, mpeni ya moto, mpeni ya vuguvugu, mtieni ndimu. Ila mpeni mengi. Mkojo wake ukiwa umekolea rangi na anakwenda mara chache, hajanywa vya kutosha, hata kama sufuria ya uji imekwisha.

Na hii inamhusu mwenye mimba pia. Yule wa miezi ya mwanzo anayetapika mpaka hata mate hayakai, asiachwe nyumbani wiki nzima kwa maneno ya kwamba kila mmoja alipitia. Mabonge haya yamewahi kuwapata wa mimba changa, na kukaukiwa maji ni moja katika njia zake. Mwezi wa Ramadhani vile vile: sheria imempa ruhusa mwenye mimba anayehofia nafsi yake au mtoto, na mwenye nifasi hafungi kabisa. Ruhusa hiyo aichukue.

Mengine nayapita upesi. Homa baada ya kuzaa na uchafu unaonuka ukeni, ni hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi yanagandisha damu. Sikio linalotoa usaha, na hasa nyuma ya sikio pakifura, ni hivyo hivyo, kwa sababu ule mshipa umepita hapo nyuma tu. Aliyepasuliwa asilale kama jahazi lililopandishwa mchangani. Akiweza kukaa akae, akiweza kutembea hapo ukumbini atembee. Na wakandaji, sikieni: mguu mmoja ukiwa umefura kuliko mwenzake, una joto, unauma kwenye shavu la mguu, msiukande. Bonge likiwa humo mtalisukuma liende mapafuni. Huyo apelekwe.

Sasa kichwa chenyewe. Kichwa cha damu iliyoganda kina tabia zake, ingawa si kila mgonjwa anazo zote. Karibu watu 9 katika 10 wenye ugonjwa huu wanaumwa na kichwa, na wengi wanaanza nacho. Hakikuwapo zamani, ni kipya kwake. Kinazidi siku hadi siku badala ya kupungua. Panadol inakigusa kidogo kisha kinarudi. Na mara nyingi kinazidi akilala chali, akikohoa, akiinama, akijikaza chooni.

Kuna mzazi mmoja nimemhudumia, jina lake na mtaa wake nabaki nayo mimi. Alizaa kwa upasuaji, akarudi kwao, kichwa kikaanza. Akarudishwa alikozalia, wakamwambia ni ile sindano ya ganzi ya mgongoni, akanywe maji apumzike. Jawabu hilo halikuwa la upuuzi; sindano ya mgongo kweli huleta kichwa. Akarudi nyumbani. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimtazama usiku, akaona mambo mawili. La kwanza, mjukuu wake halali. Amepanga mito yote ya kitanda nyuma ya mgongo, ameketi wima usiku kucha, kwa sababu akilaza kichwa tu kinampasuka. La pili, alimpa birika la maziwa ajimiminie, akayamimina pembeni mwa kikombe, juu ya sinia, mara mbili, na mwenyewe akashangaa. Bibi hakujua mashine wala picha. Alijua kwamba mjukuu wake hakosi kikombe. Akasema twendeni, na hakuuliza mtu mara ya pili. Huko mbele ilionekana damu imeganda kwenye mshipa wa utosini. Alitibiwa, akapona, leo mwanawe amekwenda madrasa.

Nataka mulishike lile la kulala, kwa sababu siku hizi wanaopasuliwa ni wengi na kila kichwa kinasingiziwa sindano ya mgongo. Kichwa cha sindano kwa kawaida huja siku chache za mwanzo, humzidi akisimama au akiketi, na akilala kinatulia. Mkiona kinakwenda kinyume, akilala ndipo kinapozidi, sindano haina hatia. Na mkiona kilianza kwa kutulia akilala, kisha kimegeuka, sasa kinauma namna zote, rudini hospitali mkaseme hivyo hivyo: kimegeuka.

Presha nayo nilisema nitairudia. Kifafa cha mimba tunakijua, lakini wengi wanadhani mtoto akishatoka hatari imekwisha. Haijakwisha. Kinaweza kuja siku kadhaa, hata wiki kadhaa, baada ya kuzaa. Kwa hivyo mzazi mwenye kichwa kikali, jambo la mwanzo ni kupimwa presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, hakuna kungoja asubuhi. Lakini kuna kosa jingine ambalo hata sisi wauguzi hulifanya: presha ikiwa nzuri, tunamwambia hana kitu. Presha nzuri haijaondoa damu iliyoganda. Presha iko sawa na kichwa bado kinawanga, basi swali halijajibiwa.

Dalili zikisogea mbele ya hapo, kila mtu anaziona: mkono au mguu wa upande mmoja umekufa, maneno yanamtatiza, usingizi usio wa kawaida, anamtazama mtoto wake kama wa jirani, au ameanguka akatikisika mwili mzima. Karibu watu 4 katika 10 wenye ugonjwa huu hupata degedege za namna hiyo. Na hapa ndipo tunapopotezana, kwa sababu nyumbani mtu atasema, kapandisha. Ana jini, alitoka nje magharibi, kaachwa peke yake chumbani, kuna jicho.

Naona bibi yangu hapo mbele ananitazama sana. Bibi, sikatai majini. Qur'ani imeyataja, tuna sura nzima kwa jina lao, mimi ni nani wa kukanusha? Ninalosema ni mpango wa kwenda. Mganga atataka siku tatu, saba, ngoma ya kupunga itataka maandalizi. Ubongo uliofura hauna siku tatu. Kisomo hakina shida, kwa sababu kisomo kinasafiri: mzazi anaweza kusomewa ndani ya boti, anaweza kusomewa kwenye gari, anaweza kunyweshwa kombe akiwa na akili zake za kumeza. Kinachokataa kusafiri ni mashine ya picha. Basi tuifuate ile isiyotembea, na ile inayotembea twende nayo.

Safari yenyewe ni taabu kwa sisi wa visiwani, na sioni haja ya kuipamba. Mtu wa Faza au Kizingitini anaijua Mkanda maji yakipwa: boti hukwama, mnangoja maji yajae na mgonjwa yuko ndani. Wakati wa kusi bahari nayo ina maneno yake. Ukifika Lamu, ukiambiwa uende mbele, kuna kuvuka Mokowe na barabara ndefu ya Witu na Garsen mpaka Malindi au Mombasa, au ndege ya Manda kwa aliyejaaliwa. Kwa hivyo mipango hii ifanywe mimba ikiwa ya miezi saba, minane. Nahodha gani, simu yake ni ipi, mafuta nani atatoa, na hili ni kubwa kuliko yote, nani mwenye idhini ya kusema twendeni ikiwa mume yuko baharini na simu haishiki. Mume aitoe idhini hiyo mapema, mbele ya mama yake na mama mkwe, pasiwe na mtu wa kungojwa. Nimeona mzazi amelala ukumbini na watu wazima sita wamekaa kimya wakingoja simu ipigwe kutoka Kismayuu.

Mkifika, msiseme tu mgonjwa anaumwa na kichwa. Semeni: amejifungua siku kadhaa, kichwa kilianza siku fulani, kinazidi akilala, ameanza kuona viwili. Kisha ulizeni, kwa adabu, kama yaweza kuwa damu imeganda kwenye mishipa ya ubongo. Hakuna daktari mzuri atakayechukia swali hilo. Na mkiambiwa picha ya CT imetoka safi, ulizeni kama mishipa yenyewe imeonekana, kwa sababu picha ya kawaida yaweza kuonyesha ubongo mzuri na bonge limo. Inatakiwa ile ya kutia dawa mshipani ili njia za damu zionekane, au ile ya MRI. Kwa mwenye mimba msiogope picha ya kichwa. Mionzi inayofika tumboni kwa mtoto ni kidogo mno.

Dawa sasa. Dawa ni heparini, sindano ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Siku hizi mara nyingi ni enoxaparini, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo. Na hapa pana jambo linalowatia watu kiwewe. Daktari anakuja anasema, damu imeganda na nyingine imevuja ndani ya ubongo, kisha anasema tunampa dawa ya kulainisha damu. Mume anaruka: mgonjwa anavuja damu kichwani nanyi mwamtia dawa ya kuvujisha! Nami namwelewa. Madaktari wenyewe waliliogopa jambo hilo miaka mingi. Ugonjwa unajulikana tangu miaka ya 1820. Mfaransa Ribes aliuandika mwaka 1825, na John Abercrombie wa Edinburgh akaandika habari za mzazi mwaka 1828, lakini zamani ulikuwa ukigunduliwa mtu akishafariki. Hata walipoanza kuugundua watu wakiwa hai, waliogopa heparini. Mpaka Munich, Ujerumani, daktari Einhäupl na wenzake walipochukua wagonjwa 20, nusu wakapewa heparini na nusu dawa bandia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Katika 10 waliopata heparini, 8 walipona kabisa na hakuna aliyekufa. Katika 10 wengine, aliyepona kabisa ni 1, na 3 walikufa. Na miongoni mwa waliopewa heparini walikuwamo ambao damu ilikuwa imeshavuja ubongoni kabla ya dawa. Kwa sababu kinachoifanya ivuje ni njia kuziba. Njia ikifunguka, mvujo unakosa sababu. Basi mume akiambiwa hivyo, asimtoroshe mgonjwa wodini.

Mwaka 2004 zikaja habari za wagonjwa 624 kutoka nchi 21, waliotibiwa kwa njia za kisasa na kufuatwa. Watu 79 katika kila 100 walipona kabisa au walibaki na dalili ndogo tu. Nimewatajia hesabu hii makusudi, kwa sababu tukisikia neno ubongo tunaanza kulia mapema.

Heparini haivuki kondo, kwa hivyo haimfikii mtoto aliye tumboni; mwenye mimba atachomwa mpaka azae, kisha aendelee angalau wiki 6, na muda wote kwa jumla usipungue miezi mitatu. Vidonge vya wafarini, navyo vya kuzuia damu isigande, ni kinyume: vinavuka na vinaweza kumharibu mtoto, hasa miezi ya mwanzo, kwa hivyo havitumiwi wakati wa mimba kwa ugonjwa huu. Lakini akishajifungua anaweza kuvimeza na kunyonyesha bila wasiwasi. Anayekuja na habari kwamba maziwa yana dawa, mtoto aachishwe, mwambieni akaulize kwanza.

Aliyewahi kupata ugonjwa huu asitumie tena vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, vile vya kawaida vya mchanganyiko, wala asipewe na shoga yake kwa sababu vimemfaa. Kitanzi kinamfaa, na ziko njia nyingine za homoni moja atakazoshauriwa. Na wasichana wasiambiwe hawatazaa tena. Wengi wanazaa salama. Ila mimba ijayo aseme siku ya kwanza ya kliniki kwamba damu iliwahi kuganda, apangiwe sindano zake. Kadi ya zamani msiitupe.

Shangazi amenyoosha mkono tangu zamani, anauliza kama leso ya kufunga kichwa ina madhara. Haina, Shangazi. Mfungeni. Ila mkimfunga muulizeni kilianza lini, na mkimlaza muulizeni kimezidi au kimepungua. Mashine ya presha iko hapa mezani. Wenye mimba na walio ndani ya miezi mitatu tangu kuzaa waje kwanza, na wale wa nyumbani wasioweza kutoka, nionyesheni mlango, nitapita baada ya alasiri.